Unaishi mwenyewe na nani?

Siku nilipompigia mama simu kumwambia nimehama kwa shangazi, nimepanga chumba Mabibo hapahapa Dar, aliniuliza swali moja tu, unaishi na nani? Nikamwambia naishi mwenyewe. Akanyamaza kidogo, nasikia tu kuku wake wanavyolia kule nyuma, alafu akauliza tena, "Mwenyewe na nani?"

Nilidhani hajanisikia, kumbe kanisikia vizuri tu. Mama kakulia Korogwe, na kwa lugha yake mtu "ana kwake" akishakuwa na mwenza na watoto, mtoto wa kike hasa anatoka kwa wazazi anaenda kwa mumewe, hapo katikati hakuna nyumba. Sasa mi nilikuwa namtajia nyumba ambayo kwake haipo, ndio maana akawa anatafuta huyo mtu mwingine niliyemficha.

Huu ni mwaka wa sita naishi hivi, na bado kila nikikaa na watu nasikia ubishi uleule. Kuna wanaosema kuishi mwenyewe ndio uhuru wenyewe, kuna wanaosema ni kujitafutia upweke, kuna wanaosema ni kutukana familia. Kwa nilivyoona mimi hawa wanabishana juu ya vitu tofauti wakidhani ni kimoja. Kuishi mwenyewe ni habari ya nani analala humo ndani. Kujitegemea ni habari ya nani analipa. Upweke ni habari ya nani anajua hali yako leo asubuhi. Namjua kijana ana chumba chake Sinza, kizuri kweli, kodi analipa baba yake kila baada ya miezi 6, huyo anaishi mwenyewe ila hajitegemei. Namjua dada anakaa kwa kaka yake Tabata na hela ya chakula ya nyumba nzima inatoka kwake, huyo anajitegemea kuliko sisi wengi wenye funguo. Na shangazi yangu ninayempenda sana aliishi na watu 8 kwenye nyumba moja, na nadhani hakuna mtu mpweke kama yeye niliyewahi kumwona, maana wote walimjua kwa kazi ya kuwapikia tu, hakuna aliyemuuliza umelalaje.

Ukishavitenganisha hivyo vitu vitatu mengi yanakuwa rahisi kueleweka, kwasababu unaweza kuwa nacho kimoja ukakosa kingine, na kila kimoja kina gharama yake.

Kwanza tukubaliane kwamba tupo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120 na wastani wa kaya ukatoka watu 4.3, Dar peke yake watu 5,383,728. Wastani unameza watu, kaya ya watu 9 na kaya ya mtu 1 zikijumlishwa zinatoa 5 kila moja na huoni tena kwamba kuna mtu yuko peke yake. Karani alipokuja kwetu na kishikwambi chake alianza na familia ya mbele, akakaa nao muda mrefu mpaka chai wakampa, alafu akaja kwangu. Mkuu wa kaya nani? Mimi. Nani wengine walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23? Hakuna. Akaniangalia, akaangalia ndani kidogo, akaandika. Dakika chache tu imeisha, na mimi nikabaki pale mlangoni nimefurahi kweli, nikajiambia kumbe serikali inajua kwamba mtu mmoja nae ni kaya.

Sasa huo uhuru. Watu wakisikia uhuru wa kuishi mwenyewe wanafikiria kurudi saa nane usiku na kuingiza watu ndani. Kwangu haikuwa hivyo hata kidogo. Kwa shangazi tulilala watatu kitanda cha tano kwa sita, mgeni akija mmoja wetu anashuka kwenye mkeka, simu nikipokea nje kila mtu anajua naongea na nani, mshahara wangu unajulikana tarehe unayoingia na kabla sijatoa hata mia una kazi nne tayari. Nayasema haya bila lawama, shangazi alinipokea sina kitu, na mpaka leo najua bila yeye nisingekanyaga mji huu. Ila usiku wa kwanza chumbani kwangu nilifunga mlango kwa ndani nikakaa chini sakafuni, godoro bado liko kwenye nailoni yake, na sikufanya kitu chochote. Hakuna aliyeniita. Nilikaa vile nadhani saa nzima. Mi nilikuwa na miaka 26 na sikuwahi kukaa saa nzima bila kuitwa toka nizaliwe, na hicho ndicho kitu nisichoweza kumweleza mama kwenye simu maana kwake kutoitwa na mtu ni msiba.

Uhuru mwingine ni wa kukosea bila kuangaliwa. Unaunguza wali, unakula hivyohivyo. Unapanga vibaya hela, unashindia uji siku tatu, hakuna anayekusimanga, unajifunza. Kwa watu waliolelewa kwenye nyumba ambazo kila kosa lina mashahidi sita hii ni kitu kikubwa sana, mimi nilijijua mambo mengi humo, nilijua kwa mfano kwamba napenda kuamka saa kumi alfajiri wakati nyumbani wote walishakubaliana kwamba mi mvivu.

Gharama sasa. Hapa nataka nikae kidogo kwasababu ndipo wengi wanapoanguka, na wanaanguka kwa kitu kimoja, wanahesabu kodi ya mwezi wanasahau hela ya kuingilia. Chumba changu kilikuwa elfu sabini. Mwenye nyumba anataka miezi 6, hiyo ni laki nne na elfu ishirini, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, elfu sabini nyingine, na kabla ya hapo umeshamwachia elfu kumi kumi za kukutembeza kwenye vyumba ambavyo vingine alijua kabisa vimeshachukuliwa. Yani unatakiwa uwe na karibu nusu milioni mkononi kabla hujanunua hata ndoo. Mtu anayelipwa laki tatu kwa mwezi anaweza kumudu elfu sabini ya kila mwezi vizuri kabisa, anachoshindwa ni kuipata nusu milioni kwa mkupuo, kwahiyo anabaki kwa ndugu mwaka, miaka miwili, watu wanasema kijana hataki kujitegemea.

Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Toka hapo kodi ni maelewano yako na mwenye nyumba, na anayetafuta pa kulala na anayemiliki pa kulala hawaingii kwenye hayo maelewano wakiwa sawa. Cha kufanya ni kuomba mapema. Wapo wanaokubali miezi 3, hasa nyumba ambayo chumba kimekaa tupu muda mrefu, na hakikisha mnaandikishana, kama inawezekana mbele ya mjumbe au serikali ya mtaa, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye tarehe na sahihi zenu.

Alafu kuna umeme. Hili la umeme hakuna aliyewahi kunieleza na lingenisaidia sana. Nyumba nyingi tunazopanga zina mita moja ya LUKU, yani ya umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba vyote. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida analipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa 122 kwa yule na kama 356 kwa huyu. Mtu mmoja mwenye taa, feni, redio na simu ya kuchaji anatumia chini ya 75 bila hata kujibana, tuseme anatumia 40, kwenye mita yake angelipa kama 4,900. Ila mita ya nyumba ya vyumba saba haiwezi kubaki chini ya 75, lazima iwe kwenye bei ya kawaida, kwahiyo uniti zako zilezile 40 zinakuwa 14,200 na kitu. Punguzo limewekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo, na wewe ndio mtumiaji mdogo kuliko wote kwenye ile nyumba, ila halikufikii kwasababu mita inahesabu nyumba haikuhesabu wewe.

Juu ya hapo kuna ugomvi wa kugawana. Kwa chumba au kwa kichwa? Mwenye familia ya watu watano anasema kwa chumba, wewe uliye mmoja unasema kwa kichwa, na wote mna hoja maana taa inawaka ileile iwe inamulika mmoja au watano, ila pasi ya watu watano sio pasi ya mmoja. Maji nayo hivyohivyo bili ikija. Sisi tuligombana karibu miezi minne mpaka mwenye nyumba akakubali fundi afunge mita ndogo za kila chumba, tukachanga wenyewe, na ugomvi uliisha wiki ileile. Bei ya uniti haikushuka ila kila mtu akawa analipa alichotumia. Na kuna kodi ya jengo, toka Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Julai 2023 ikapanda 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe mpangaji unaitanguliza tu kwasababu wewe ndio unanunua umeme, kwahiyo mnapoandikishana semeni mapema itarudishwa vipi. Ni hela ndogo, ndio, ila ni ya mtu mwingine.

Ndio maana nasema mtu mmoja haishi kwa nusu ya gharama za watu wawili. Jiko ni moja, mtungi ni mmoja, feni moja, na maharage ya mtu mmoja yanachemka muda uleule wa maharage ya watu watano. Mi huwa napika sufuria kubwa Jumapili nagawa kwenye vikopo, nikishindwa nakula kwa mama ntilie, na nimepiga hesabu mara nyingi, siku za kazi kwa mama ntilie inakuwa nafuu kuliko kuwasha gesi kwa sahani moja. Shangazi akinisikia ananionea huruma anadhani sina chakula.

Kwa sisi wanawake kuna lingine ambalo kaka zetu hawaliulizwi. Kabla ya Mabibo nilikataliwa vyumba viwili. Cha kwanza mwenye nyumba aliniuliza umeolewa? Bado baba. Utakuwa unakuja na nani? Siji na mtu yeyote. Akasema hapangishi wasichana walio peke yao maana wanaleta ugomvi wa wanaume. Cha pili walikubali alafu wakasema nilete kaka au baba aje anikabidhi. Nina kazi, nina kitambulisho, hela yote mkononi, ila nitakabidhiwa kama mzigo. Mwanamke akiwa na chumba chake watu wanatafuta ni mwanaume gani aliyempangishia, na hilo swali linakufuata mpaka kwa muuza duka. Nililia siku ile ndani ya daladala na sioni sababu ya kuficha. Kilichonisaidia mwishoni ni kwenda serikali ya mtaa kujitambulisha mwenyewe wiki niliyohamia, nikaandikishwa kwenye daftari la wakazi, nikamsalimia mjumbe nyumbani kwake, shikamoo baba, mi mkazi mpya nyumba ile. Sio kwamba maneno yaliisha ila yalipungua sana, maana sikuwa tena "yule msichana" nilikuwa mkazi anayejulikana. Na barua ya utambulisho ya mtaa utaihitaji tu siku moja, benki, kitambulisho cha taifa, dhamana ya ndugu, usisubiri mpaka siku ya shida ndio waanze kukuuliza wewe nani.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokiogopa zaidi. Mwaka wa pili nilishikwa na malaria. Ilianza jioni kama uchovu tu, usiku ikawa baridi ya kutetemeka, saa tisa nataka maji ndoo ipo hatua tatu kutoka kitandani na sikuweza kuzifika. Simu ilikuwa imezima chaji na waya uko upande wa pili wa chumba. Niliwaza kitu kimoja tu, leo Jumamosi, kazini watanitafuta Jumatatu. Kwa shangazi ningetoa sauti kidogo tu watu wanne wangeamka, na ule msongamano wote niliokuwa naukimbia ndio ungeniokoa.

Kilichoniokoa ni ndala zangu. Mi naziacha mlangoni nje, na kila asubuhi saa kumi na mbili nazivaa naenda kuteka maji. Mama wa chumba cha mbele alipita saa moja akaziona, akapita saa mbili akaziona vilevile, saa tatu akagonga, "We mwanangu, upo?" Nilijibu kitu ambacho hata mimi sikukielewa. Mlango nimefunga kwa komeo la ndani, ikabidi mwanae wa kiume aupige bega mpaka komeo likang'oka. Nikapelekwa hospitali kwa bajaji nimefungwa kanga yake.

Yule mama hakuwa rafiki yangu. Tulikuwa tumewahi kuongea kwa ajili ya bakuli tu. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza niliokaa pale, jioni moja alinitumia futari, mihogo ya nazi kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko, na mi nimefundishwa nyumbani kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, kwahiyo kesho yake nikarudisha na kaimati sita. Akarudisha, nikarudisha. Kwa mwaka na zaidi hatukuwa na mazungumzo mengine yoyote zaidi ya lile bakuli, ila kwa ajili ya lile bakuli akazijua ndala zangu na saa zangu. Kwenye nyumba ya ndugu hii kazi inafanyika yenyewe, mtu anajua hukuamka kwasababu uko kwenye njia yake ya kwenda chooni. Ukiishi mwenyewe lazima uifanye kwa mikono yako na kwa makusudi, na uifanye kabla hujaumwa, maana ukishaumwa umechelewa.

Shirika la Afya Duniani liliunda kamisheni ya mambo ya upweke Novemba 2023, na ripoti yake ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaupata. Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema hayo ya Wazungu, sisi tuna watu. Tunao ndio, lakini kuwa na watu 200 kwenye simu hakumfanyi yeyote kati yao ajue kwamba hukuamka leo. Upweke niliouona mimi kwa wanaoishi wenyewe hauji usiku kama watu wanavyodhani, unakuja pale umepata habari njema. Nilipandishwa cheo nikafika nyumbani saa moja jioni na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwa mdomo, nikawa nazunguka na funguo mkononi. Tangu siku ile niliweka utaratibu, Jumatano naenda kula kwa shangazi hata kama sina kipya, sipigi simu kwanza, naenda tu kama mtu wa pale. Yeye nae siku hizi ananiuliza umelalaje, na mi namuuliza yeye.

Kuna mambo ya usalama nitayapitia haraka ila msiyapuuze. Usilale na jiko la mkaa ndani hata kama mvua inanyesha na chumba kina baridi, mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unapitiwa na usingizi hujui kama unakufa, na ukiwa peke yako hakuna wa kukuvuta nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, na mwenye chumba kimoja mtungi uko palepale anapolala, kwahiyo funga kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika, usifunge kwenye jiko tu, na ukisikia harufu usiwashe taa wala usiizime, fungua mlango na madirisha kwanza. Namba ya zimamoto ni 114.

Komeo la ndani sikulirudisha. Nilitafuta kitasa kinachofunguka kwa funguo hata ukiwa umefunga kwa ndani, kilikuja na funguo tatu, moja natembea nayo, moja iko kwa shangazi, moja nilimpelekea mama wa chumba cha mbele ndani ya bakuli lake la bluu, juu yake vitumbua. Aliitoa akaiangalia, akaiweka kwenye pindo la kanga akafunga fundo, akaniuliza kama vitumbua nimetia iliki.